Mingazi Mbele ya Nyumba Yetu

Jumamosi, 4 mwezi wa kumi, 2025

Nilikuwa Ubwari kutafuta ndagala, samaki zetu ndogo za kuanika. Siku chache tu! Leo muchana nashuka ku boti, kiloba ku kichwa, natazama kwetu — ile nini? Mbele ya nyumba, ku muchanga kwenye ninaanikaka ndagala yangu, kuko mingazi, michikichi ya mafuta. Midogo, kila moja majani mbili ao tatu, mustari moja toka ku baraza mpaka karibu na maji. Na imemwagiliwa. Eh! Imemwagiliwa vizuri kabisa, inatunzwa sawa mutoto wa kunyonya.

Mahmudu. Nani mwingine? Maboti yake njo yanalala pale pembeni, ukuta yake njo inagusa ukuta yetu. Na udongo mweusi ule waliweka ku miguu ya miti — naujua! Wameutoa ku shimo yetu ya taka, maganda ya mayai iko ndani. Bameiba hata takataka yetu!

Hata mutoto mudogo wa Fizi anajua hii kitu: unaweza kuazima muntu udongo, apande muhogo, apande maharagi, miaka na miaka, udongo unabaki yako. Siku anapanda mungazi, amesema mbele ya dunia nzima kama ni yake. Mungazi inaishi kuliko muntu. Batoto yake batakamua mafuta, batoto yako bataenda kuyanunua kwake.

Na ule muchanga tumeupata juzi tu! Ziwa ilipopanda ilikula muchanga, ikakula jikoni, ikaingia ku baraza. Tulikuwa tunatokea ku dirisha ya nyuma sawa bezi. Ukuta za baba, matofali yake ya kuchoma, bado ziko na alama ya maji mpaka ku kifua yangu. Mwaka huu maji imerudi chini. Imetuachia muchanga yetu, mawe ya jiko, na sufuria moja isiyo yetu. Nilifagia pale na mikono yangu. Nikaanza tena kuanika. Bila ule muchanga nitaanika ndagala wapi, ku manjanja ya juu ya nyumba?

Mama hayuko. Jirani wa nyuma anasema shangazi ya mama amekufa Kilembwe, mama alipanda moto, pikipiki ya kubeba batu, alfajiri ya jana, ataketi matanga kule. Kilembwe hakuna rezo ya simu. Basi. Niko peke yangu na hii hasira.

Jumapili, 5 mwezi wa kumi

Ku kanisa sikusikia kitu. Muhubiri alihubiri juu ya kupenda jirani. Leo! Alikosa siku ingine!

Nilimupigia Bertin, kaka yangu mukubwa, Kalemie. Yeye njo chanzo ya yote. Mwaka ule maji ilifunika kiwanja yetu, Mahmudu alikuja kuomba afunge maboti yake juu ya kiwanja. Bertin alikuwa amekuja kututembelea. Akakubali. Wakala mbuzi ya Mahmudu ku baraza yetu, miguu ndani ya maji, shefu Raphaël wa avenyu, mukubwa wa mutaa yetu, akiwa pale. Na Bertin, juu tumbo imejaa, akasimama akasema: «Maji yote ya mbele ya kwetu ni yako, kaka. Chukua na samaki yake!» Batu wakacheka mpaka machozi.

Leo namuuliza, ulitoa parseli, kiwanja ya baba, kwa mbuzi? Anasema aka, hapana Florentine, nilitoa maji, si parseli. Anasema alifikiri vizuri sana. Nani anaweza kupanda mungazi ndani ya maji? Hawezi kupanda, basi hawezi kuchukua. Njo hesabu yake. Hakuwaza hata siku moja kama maji inaweza kurudi! Akili ya muzaliwa wa kwanza hiyo. Baba alimusomesha mpaka Bukavu.

Tena akaniambia nitulize roho. Nikakata simu.

Jumatatu, 6 mwezi wa kumi

Nimetoka kwa shefu Raphaël. Alinipa kiti, alinipa maji ya kunywa, alinipa maneno matamu, jibu hapana.

Anakumbuka kila kitu, hata rangi ya mbuzi. Anasema ni kweli Bertin alisema «maji». Lakini alisema pia «ya mbele ya kwetu». Na sasa kile kilikuwa mbele ya kwenu ni muchanga. Nikamujibu: basi Mahmudu afuate maji yake! Iko pale chini, haikupotea, aende apande ndani!

Akacheka. Mi sikucheka.

Amesema Mahmudu amesafiri Kalemie na boti, mama iko Kilembwe, bote wawili warudi, tutaketi. Mpaka pale mingazi isiguswe. «Florentine, nakujua. Usitie mukono.» Ananijua! Kama ananijua, juu ya nini ananiambia kungoja?

Nikamuuliza shefu, Mahmudu alipanda namna gani akiwa safarini? Nikajijibu mwenyewe: alituma batu yake. Tajiri hachafuki mikono.

Jumanne, 7 mwezi wa kumi

Leo nimesema. Wacha niandike yote, roho ipoe.

Muchana, boti ya Ubwari inashusha batu, bamama ya ndagala bamejaa ku muchanga, bale ba kubeba mizigo wanapigiana kelele. Naona Mwanahamisi anakuja, sahani ya sombe, majani ya muhogo, ku mukono, imefunikwa na kitambaa. Mwanahamisi ni bibi ya Mahmudu, muke wake. Ni rafiki yangu pia, ao alikuwa. Tulisoma pamoja, tulikoga pamoja ku hii ziwa tangu hatujui haya. Maji ilipoingia kwetu, mama alilala kwake mpaka ilipopungua. Sikatai. Lakini unalaza mama ya muntu kwako, kisha bwana yako anachukua kiwanja yake?

Amefika, anasema kwa sauti ya chini: Florentine, ile mingazi, nataka nikuambie —

Nikamukata. Nikamuambia hakuna cha kuniambia. Nikamuambia arudishe sombe yake, sili chakula ya bezi. Mwizi, na bibi ya mwizi! Munatulisha sombe kwa mafuta ya mingazi, kumbe munatupandia ingine ku koo! Nilisema mengine pia, sitaandika. Sauti yangu ilifika mpaka ku soko. Na ifike! Bamama wote waligeuka kutazama.

Alisimama kidogo. Macho yake ilijaa. Kisha akageuka na sahani yake, akarudi kwake. Afadhali angejibu, ningepata kuendelea.

Jumatano, 8 mwezi wa kumi

Nimeing'oa. YOTE.

Mahmudu amefika asubuhi toka Kalemie. Nilikuwa ku dirisha. Alishuka, akaona mingazi, akasimama. Akaizunguka. Akainama, akagusa jani. Akakuna kichwa, akatazama nyumba yetu — akatabasamu! Akitabasamu vile mbele ya nyumba ya baba yangu, mi nifanye nini? Nichemshe chai?

Nikachukua jembe. Shefu alisema nisitie mukono, nilitia jembe. Nilianza na ile ya karibu na baraza, nikafuata mustari. Iling'oka bila kubisha, mizizi ilikuwa haijashika. Kila moja niliitupa ku maji, na nilikuwa napiga kelele batu bote wasikie: hii ni mingazi ya Mahmudu! Mahmudu njo alipanda! Haikupandwa na muntu wa hii nyumba, haki ya Mungu, baba yangu anisikie kule aliko, hakuna muntu wa hii nyumba alitia mukono yake hapa!

Avenyu nzima ilikuwako. Shefu Raphaël mwenyewe alifika anakimbia, shati haijafungwa.

Mahmudu alinitazama mpaka nikamaliza, mpaka nikakosa pumzi. Kisha akageukia batu, akauliza kwa upole kabisa: mumemusikia vizuri? Amesema nani alipanda? Batu wakajibu, Mahmudu. Akasema sawa. Akaenda zake.

Mwoga! Hata kujitetea hawezi. Mikono yangu iko na malengelenge, na nimeshiba furaha.

Alhamisi, 9 mwezi wa kumi

Ndagala imekauka vizuri leo. Muchanga ni yangu, hewa ni yangu.

Jioni shefu ametuma neno. Mahmudu ameniita kwa mashitaka. Anasema nimeing'oa miti mbele ya mashahidi. Anataka neno ya Bertin iheshimiwe, na kisha anataka kupanda tena. Nimecheka kwa nguvu ule aliyetumwa asikie. Mama atarudi, atakuja kuniunga mukono, tutaenda pamoja kwa shefu, tutaona.

Jumamosi, 11 mwezi wa kumi

Mama amerudi.

Alishuka ku moto, vumbi mpaka ku nyusi, kitambaa ya kilio ku kichwa. Nilikimbia kumupokea mufuko. Nilikuwa na hamu ya kumupa habari, nilikuwa naipanga tangu Jumatano! Hakunisalimia. Alipita nyumba, akaenda mbele, akasimama ku baraza, akatazama muchanga. Akatazama sana.

Akaniuliza: «Mingazi yangu iko wapi?»

Sitaandika kitu ingine leo.

Jumapili, 12 mwezi wa kumi

Sikuenda ku kanisa. Tumegombana na mama tangu chai mpaka bugali.

Yeye njo alipanda. Mama! Alitafuta miche Lweba, kwa ndugu zake, siku nyingi zimepita, akaificha nyuma ya choo chini ya majani ya ndizi, na mi napita pale kila siku na sikuona. Akangoja niende Ubwari. Akapanda ili Mahmudu asipande. Ili siku shefu anakuja, akute mungazi imesimama, na ni yetu.

Nimemuuliza kwa hasira yote, juu ya nini hukuniambia? Mimi mutoto yako, tunalala nyumba moja!

Anasema: «Juu mudomo yako haina mulango. Ningekuambia leo, kesho soko nzima ingejua, kesho kutwa Mahmudu angenitangulia.»

Nikamuambia basi ungeacha habari kwa jirani. Anasema habari gani, udongo ya shimo yetu ya taka ku kila muti, si habari hiyo? Nani katika avenyu hii anawekeaka muti maganda ya mayai kama si mi? Anasema aliwaza nitaona tu, nitajua, nitanyamaza. Kunyamaza! Mi!

Nilipiga meza. Nilimuambia yeye na Bertin ni kitu moja: bengine wanatoa maji, bengine wanapanda ku siri, na mi njo nabaki hapa kuanika ndagala na kujibu batu. Mama alilia. Kisha akakausha uso na kikwembe, kitenge yake, akasema maneno ninayasikia mpaka sasa: «Mahmudu alikuwa hana kitu, Florentine. Alikuwa na mbuzi iliyokuliwa na maji iliyokwenda. We njo umemupa.»

Ni kweli. Niliapa kwa Mungu na kwa baba, avenyu nzima inasikiliza, kama mingazi ni ya Mahmudu. Angekuwa ananilipa kuwa shahidi yake nisingefanya vizuri kupita vile.

Na ile tabasamu! Sasa naielewa. Aliona udongo ya mama. Alijua mara moja. Alinyamaza, akaniacha nimufanyie kazi.

Nimepiga simu kwa Bertin, nimemuambia. Akaanza kucheka, ule mujinga. Nimekata.

Jumatatu, 13 mwezi wa kumi

Ku njia ya kwa shefu tulikutana na Mahmudu. Mama alikuwa nyuma, anatembea polepole. Nilimusimamia mbele, nikamuambia unajua hukupanda. Unajua!

Alinijibu kama muntu anaongea na mugonjwa. «Dada, mi sijaapa kitu. We njo uliapa. Na kaka yako alinipa mbele ya batu, sikuiba.» Kisha akamusalimia mama na heshima yote, shikamoo mama, pole kwa kilio, na mama akaitikia! Nilitamani ziwa ipande tena, itumalize bote.

Kwa shefu tuliketi. Nilisema kwa upole, haki, mama ni shahidi yangu. Nilieleza miche, Lweba, choo, udongo. Mama alieleza pia. Shefu Raphaël alisikiliza yote akikwaruza ndevu.

Akasema: Jumatano uliapa kama hakuna muntu wa nyumba yenu alipanda. Leo unaapa kama mama yako alipanda. Nichukue kiapo gani? Mahmudu hajaniambia hata siku moja kama alipanda. Anasema tu mumuulize Florentine. Na mama yako na we ni kinywa kimoja. Nikikubali hii, kesho kila muntu ataing'oa muti ya jirani, kisha ataleta mama yake.

Nilitaka kusimama. Mama alinivuta kikwembe.

Akamaliza hivi: anataka muntu moja wa inje, asiye wa nyumba yetu, aliyeona kwa macho. Kesho jioni atakuja ku parseli. Akimukuta ule muntu, muchanga ni yetu na mbuzi ya Bertin itasahauliwa. Akikosa, Mahmudu apande, ajenge depo yake ya mizigo, afunge ukuta. Ku mulango yetu ya mbele tutatazama matofali.

Ku njia ya kurudi nikamuuliza mama nani alikuona. Alipanda alfajiri, batu wamelala. Akatembea tu mbele. Nikauliza tena.

«Mwanahamisi. Mugongo ulikuwa unaniuma. Njo alinichotea maji.»

Jumanne, 14 mwezi wa kumi

Asubuhi nilienda kwake. Mahmudu alikuwa inje na batu yake.

Alikuwa anachambua muchele. Hakunipa kiti. Mi ambaye nilikuwa naingia ile nyumba bila kubisha hodi, nilisimama ku mulango sawa muntu anauza sabuni. Nikasema nilichokuja kusema. Nilisema nilikosa. Nilisema kwa sauti ya chini, juu batoto yake walikuwa karibu, na juu — sijui. Ilikuwa chini.

Aliendelea kutoa mawe mu muchele. Akasema: nilimuchotea mama yako maji ndoo kwa ndoo, bwana yangu hajui. Nilijiingiza mu hatari mu nyumba yangu juu ya nyumba yako. Nilikuja kukuambia, sahani ku mukono. Uliniita nini?

Akasema: «Uliniita mwizi boti ikishusha batu. Neno yako ilifika ku soko. Bamama ya soko hawanunui tena maandazi yangu na roho safi, wananitazama mikono. Boti ya Ubwari inafika leo muchana, batu ni bale bale. Musamaha wangu nao nataka ufike ku soko.»

Nikamuuliza, na jioni, kwa shefu, utasimama? Utasema, mbele ya bwana yako?

«Kwanza nisikie sauti.»

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Nilirudi nikamuambia mama hii ni kunichezea! Nipige kelele, nijivue nguo ya heshima mbele ya muji nzima ya Baraka, kisha asimame ao asisimame, vile atapenda? Akisimama anaweza kufukuzwa mu nyumba, sawa, naelewa, kwa nini asimame? Lakini basi kwa nini nipige kelele? Mama anaosha sahani. Anasema: matusi ulitoa bila kuuliza utapata nini.

Mama!

Sasa ni muchana. Mahmudu iko mbele ya nyumba yetu na batu yake, wanachimba mashimo, hawakungoja jioni. Miche yao iko mu viloba, mikubwa kuliko ya mama. Wanachimba palepale niliponing'oa miti, mashimo yangu yanawasaidia. Boti imefika. Batu wanashuka na mafurushi, bamama ya ndagala wamejaa, kelele ni ile ile. Mwanahamisi ametoka, amesimama ku ukuta yao, amevaa kitambaa cheupe ya siku kubwa.

Nilitoka ku baraza. Batu wengine walinigeukia. Bale ba kuchimba walisimamisha majembe, nafikiri waliwaza nimekuja na jembe yangu. Nilifungua kinywa. Nilikuwa na neno ya kwanza, «Mwanahamisi». Jina tu. Haikutoka. Sauti iliyofika mpaka ku soko, leo haikufika ku meno! Hasira iko wapi wakati naitaka? Kwa kutukana ilinibeba yenyewe.

Nilimuambia mama naingia kuchukua kikwembe. Njo niko mu chumba, naandika. Kikwembe iko ku bega yangu tangu asubuhi.

Mama iko ku mulango. Anasema Florentine, batu ya boti wanabeba mizigo yao, wanaenda. Anasema tena. Inje batu ya Mahmudu wameweka muche ya kwanza, wameanza kurudisha udongo ku shimo, nasikia miguu inakanyaga.

Dirisha iko wazi. Mwanahamisi angali ku ukuta, amefunga mikono ku kifua. Ananitazama. Anaona naandika, lakini sauti hajaisikia.